Bagamoyo mpaka Mbweni: kufuata nyumba za watoto waliokombolewa

ALHAMISI, Dar – Bagamoyo

Kosta imetoka Makumbusho saa mbili kasoro asubuhi na mpaka tunaipita Bunju nilishamaliza maji yangu yote, foleni ya hiyo barabara haina maelezo, ila ukishavuka Mapinga gari linaanza kukimbia na hizo kilomita sabini na kitu zinaisha hujakaa sawa. Nimefikia gesti moja karibu na stendi, chumba kisafi, feni inazunguka, bas.

Sijaja kula pweza (ingawa nimekula, jioni, pale soko la samaki, na chachandu mpaka machozi). Nimekuja kuangalia majengo. Huku pwani na kule Unguja kuna majengo yaliyojengwa miaka ya 1860 na 1870 kwa ajili ya kulelea watoto wasio na mtu, sasa mengine ni makumbusho, mengine magofu, na watalii wanapita wanapiga picha wanaondoka. Kinachonisumbua mimi ni kwamba wengi wa hao watoto si kwamba walifiwa. Mama yake yuko mzima huko Uyao au Manyema au ng'ambo ya ziwa Nyasa, anamlilia, na yeye huku keshateremshwa na msafara mpaka pwani, kauzwa utumwani, kakombolewa na wamisheni, na anaandikwa kwenye daftari la misheni kama mtoto asiye na mtu. Kwahiyo nikasema likizo hii fupi niende nikaone walikuwa wanalala wapi.

Jioni nimepita pale Karavanserai, ile nyumba ya kupumzikia misafara, nikazunguka kidogo tu. Misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia Bagamoyo, pembe za ndovu kichwani, watu wenyewe nao ni mali, halafu majahazi yanavusha kwenda Unguja. Kesho misheni.

IJUMAA, Misheni ya Bagamoyo

Nimeenda kwa miguu, kutoka mjini si mbali. Unaingia kwenye njia ya miembe mirefu iliyopandwa 1871, miti ya pande zote mbili imekutana juu, hata saa tano ya jua kali pale chini pana baridi. Unalipa kiingilio, unapewa kijana wa kukutembeza.

Kwa kifupi ilivyokuwa, manake bila hii huwezi kuelewa jengo. Mapadri Wafaransa walifika Unguja Desemba 1860 wakitokea Réunion, na masista, wakaanzisha hospitali na karakana na nyumba ya watoto waliokombolewa. Miaka michache mbele kazi ikachukuliwa na shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa Padri Antoine Horner. Unguja mjini pakawa padogo, ardhi ya kulima hakuna, watoto wanaongezeka, ndo mwaka 1868 wakavuka kuja Bagamoyo. Watoto walikuwa wanapatikana kwa njia mbili: kuna waliokamatwa baharini na manowari za Waingereza halafu wakagawiwa kwa wamisheni, na kuna walionunuliwa kabisa kwenye soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, kwa pesa taslimu. Pesa ya kununulia sehemu yake ilikuwa inatoka kwenye chama kimoja cha Kikatoliki Ufaransa ambacho watoto wa kule wanachanga senti zao kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Na kwa kuwa pesa ilichangwa kwa ajili ya watoto, waliokombolewa wakawa watoto zaidi. Mtu mzima aliyefungwa mnyororo ule ule alikuwa na bahati ndogo zaidi. Wamisheni wenyewe pia walitaka watoto, hawakuficha, mtoto unamkunja angali mbichi.

Majengo ya kwanza hapa yalikuwa mepesi na Aprili 1872 ikaja ile tufani kubwa, ndo hiyo hiyo iliyong'oa mikarafuu ya Unguja, ikayabomoa. Kwahiyo haya mawe mnayoyaona leo yamekuja baada ya tufani, nyumba ya mapadri ilianza 1873 na nyumba ya masista 1876. Na nani alijenga? Hapo ndo nilimbana kijana wangu maswali. Watoto na vijana wa misheni. Kulikuwa na shule lakini kulikuwa na kazi pia, useremala, uashi, uhunzi, na shamba, minazi mingi sana, vanila, siku inagawanywa kati ya sala, darasa na jembe. Ukiweka mkono kwenye ukuta wa nyumba ya masista, pale plasta ilipobanduka, unaona jiwe la matumbawe lenye vitundu vya wadudu wa bahari na chokaa imesukumwa katikati kwa vidole, sio kwa mwiko, alama ya vidole ipo. Sijui ni ya 1876 au ya fundi wa juzi aliyekuja kukarabati, lakini nilisimama hapo muda.

Hiyo nyumba ya masista ndo makumbusho sasa. Ndani kuna minyororo, picha, vitu vya misafara, maelezo mazuri tu. Wasichana walikuwa chini ya masista huku, wavulana kwa mapadri na mabruda upande ule, hawachangamani. Wakishakua wanaozeshwa wao kwa wao, halafu wanapewa kibanda na kipande cha shamba kwenye kijiji cha misheni, kijiji cha uhuru wanakiita. Kijiji chenyewe kina kengele, kina sheria, siku kadhaa za wiki ni shamba la misheni, siku nyingine ni shamba lako. Baadaye, kuanzia Mhonda 1877, halafu Mandera 1881, Morogoro 1882, ikawa ndo utaratibu, wanachukuliwa familia zilizolelewa Bagamoyo wanapelekwa bara kuwa mbegu ya misheni mpya. Mtu alitolewa bara akiwa na miaka saba kwa mnyororo, anarudishwa bara ana miaka ishirini na mke na jina la kizungu, na sio kwao, ni sehemu nyingine kabisa.

Mi sitaki kuwasema vibaya waliofanya hiyo kazi. Nenda makaburini pale nyuma ukasome umri, wengi vijana, malaria iliwamaliza, na bila wao hao watoto wangeishia Pemba kwenye karafuu au Uarabuni. Ila tusipake rangi. Aliyekombolewa hakuulizwa anataka kwenda wapi, na nyumba iliyomlea ndo hiyo hiyo iliyompangia kazi, dini, mume na kijiji cha kufia. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja na ningependa kibao cha pale mlangoni kiseme hivyo.

Halafu Livingstone. Jamani. Kijana alinitembeza vizuri mno lakini tulipofika kwenye mnara wa kanisa la zamani (1872) alibadilika sauti kabisa, akawa kama anahutubia, mwili wa Livingstone ulilazwa hapa Februari 1874, umebebwa kutoka Chitambo huko Zambia ya leo, umekaushwa kwa chumvi na jua, miezi inakatika watu wanatembea. Usiku mmoja tu ule mwili umelala pale, na mnara mzima una jina lake! Watoto mamia wamelala hapa miaka na miaka na hakuna mnara wa mmoja wao.

Lakini ngoja. Nikamuuliza, waliombeba ni kina nani? Akasema Susi na Chuma, watumishi wake. Na Jacob Wainwright, nikaongeza mimi. Sasa Chuma alikuwa Myao, alikuwa mtoto kwenye msafara wa watumwa uliovamiwa na kuachiwa na kina Livingstone 1861 huko Shire. Na Jacob Wainwright naye alikuwa mtoto aliyeokolewa kwenye utumwa, akapelekwa India, akasomeshwa kwenye kituo cha watoto Waafrika kule Nasik karibu na Bombay. Huyo Jacob ndo aliyechonga maandishi kwenye mti Chitambo, ndo aliyesindikiza jeneza mpaka Uingereza na akawa mmoja wa waliolishika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kwahiyo hata ile hadithi ya mzungu wanayoipenda, ukiikuna kidogo, chini yake kuna watoto wa nyumba hizi hizi. Kijana alicheka, akasema mama mkubwa hiyo nitaanza kuwaambia wageni. Haya, tutaona.

Kabla sijatoka alinipeleka kwenye mbuyu. Inasemekana Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa anaendesha zahanati, alikuwa akimfunga punda wake pale kwa mnyororo. Mti umeendelea kunenepa na mnyororo haukutolewa, gome limeumeza karibu wote, kimebaki kipande cha chuma kimechomoza, unakishika hakitikisiki hata kidogo. Watoto wa shule waliokuwepo pale wanashindana kukivuta.

Nimerudi mjini na bodaboda, miguu imekataa.

JUMAMOSI, Dar – Unguja, Forodhani na Mkunazini

Ukiwa Bagamoyo Unguja iko mbele yako ng'ambo ya maji, lakini kwa mtu wa kawaida hakuna boti ya abiria ya kuvuka moja kwa moja, unarudi Dar, unapanda boti bandarini. Nimetoka Bagamoyo alfajiri. Boti saa mbili za maji, bahari ilichafuka kidogo mkondoni, kuna familia nyuma yangu wote wanne walitapika kwa zamu, tuyaache hayo.

Nimefikia kwa shangazi Kikwajuni. Nikamwambia natafuta nyumba ya watoto yatima ya zamani, akasema si ile ya Forodhani mwanangu, ile yenye njia chini. Ndo hiyo! Wengi mmepita chini yake bila kujua. Ukitoka bustani ya Forodhani, pembeni ya Ngome Kongwe, barabara inaingia chini ya jengo kama handaki halafu inatokea upande wa pili kuelekea Shangani, gari na vespa na watu wote wanapita tumboni mwa nyumba. Jengo ni la mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni Waingereza walilitumia kama klabu yao, halafu likawa shule ya Wahindi mpaka 1950, baada ya hapo ndo likawa nyumba ya watoto, na imekaa hivyo kwa miaka mingi sana. Shangazi anakumbuka watoto wanakaa dirishani juu wanaangalia watu wanakula mishikaki bustanini. "Nasi twawapungia mkono," anasema, "wao nao wapunga." Chini kulikuwa na kiduka cha kuuza picha na vitu vya mikono, baadhi wanatengeneza watoto wenyewe.

Sasa hivi nyumba ya serikali ya kulelea watoto iko Mazizini, nje ya pilikapilika za mji, na kusema ukweli ni afadhali. Mtoto kulelewa juu ya barabara katikati ya watalii, vespa zinapiga honi chini ya kitanda chake mpaka usiku wa manane, hata kama mandhari ni ya bahari, hapana. Ila jengo lenyewe linatia huruma, na jirani yake Beit al Ajaib sehemu yake ilishaanguka Desemba 2020, yaani ule upande wote wa bahari ukiutazama unajua chokaa na jiwe la matumbawe havitaki kusahauliwa hata msimu mmoja wa masika.

Nimesimama chini ya lile tao kama robo saa nasikiliza mwangwi, muuza miwa ananiangalia kama nimepotea.

Jioni Mkunazini. Kanisa la Anglikana limejengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa amri ya Seyyid Barghash baada ya kubanwa na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyekaa na kuandika sarufi na kukusanya ngano za Kiswahili, alifariki 1882 na kaburi lake liko nyuma ya altare. Lakini kabla ya kanisa kulikuwa na watoto. Wamisheni wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, walipofika Unguja 1864, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi, na hao watano ndo mwanzo wa kila kitu, shule, uchapaji, makanisa ya mpaka Masasi na Newala. Mmoja wao, John Swedi, akaja kuwa shemasi 1879. Shule ya wavulana ikawa Kiungani, hapo hapo Unguja. Kutoka Kiungani akatoka Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa, akapewa upadri 1890, Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa padri wa Kianglikana. Niliwaza hili nikiwa kule chini kwenye vyumba vya giza wanavyoonyeshwa watalii, ambapo ukisimama kichwa kinagonga dari. Watalii wanatoka pale wamenyamaza, wanaenda kununua kikoi. Hakuna anayewaambia kwamba hadithi haikuishia kwenye kile chumba.

Urojo Forodhani usiku, bajia zimejaa, kachori, mhogo wa chipsi juu. Shangazi amekataa kula, anasema ule wa watalii si urojo ni supu ya malimao.

JUMAPILI, Mbweni

Hii ndo siku niliyoijia. Daladala ya 505 kutoka Darajani, ile ya uwanja wa ndege, unashuka njiani unaingia Mbweni kwa bajaji au kwa miguu, nimeenda kwa miguu chini ya miembe.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Askofu Tozer wa UMCA 1871 na miaka michache mbele kikawa kijiji cha waliokombolewa, kila familia na kipande chake, na pembeni shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Wasichana hawa ni wale wale waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa. Kuanzia 1877 mkuu wa shule alikuwa Caroline Thackeray, akaiongoza robo karne, alipostaafu hakurudi kwao, akakaa Mbweni mpaka akafa 1926 na kaburi lake liko kanisani pale. Wale wasichana wenye kichwa cha kitabu walifundishwa kuwa walimu, wengine wakapelekwa kwenye kufua, kushona na kupika. Na kama Bagamoyo tu, wengi waliolewa na vijana wa Kiungani na kuondoka nao kwenda bara, mume mwalimu au shemasi, mke naye mwalimu ingawa kwenye ripoti anaandikwa ni mke wa fulani.

Magofu yapo baharini kabisa, ndani ya bustani iliyotunzwa na hoteli, kuna minazi ya kila aina na mibuyu. Paa hakuna. Kuta zimebaki na matao yake, moja baada ya jingine, na palipokuwa kikanisa cha shule bado unaona umbo lake. Mzizi mmoja wa mti umeshuka kwenye ukuta kutoka juu mpaka chini, mnene kama paja langu, umepita katikati ya dirisha, sasa sijui ukuta ndo unaushikilia mti au mti ndo unaushikilia ukuta, wakiukata nadhani vyote vinakuja chini. Kwenye kizingiti cha mlango mmoja jiwe limelika katikati, limekuwa na bonde, kwa miguu. Hicho ndo kitu nilichokipiga picha nyingi kuliko vyote, kizingiti.

Mlinzi ni mzee wa makamo, shikamoo, marahaba, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Dar lakini upande wa mama ni watu wa Masasi. Akasema, "Basi umekuja kwenu." Nilicheka kwanza, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hii habari ninayo kichwani siku nyingi. Oktoba 1876 Steere alitoka Unguja na kundi la watu wa Mbweni waliokuwa wanataka kurudi kwao karibu na Nyasa, wakafika Masasi, wakaona maji yapo na ardhi nzuri, wakabaki hapo, ndo misheni ya Masasi ilivyoanza. Kwetu kwa mama watu ni Waanglikana tangu na tangu, majina ya kina Cecil na Lucy yamejaa, na ukimuuliza mtu mkubwa tulifikaje Masasi unaambiwa "tulikuja na misheni", stori imekwisha, chai inamiminwa. Hakuna anayetaka kusema tulikuja na misheni tukitokea wapi na kabla ya hapo tulikuwa mali ya nani. Simlaumu mtu. Bibi wa bibi yangu kama alipita kwenye hiki kizingiti sina hati ya kuonyesha, na sitalazimisha.

Kanisa la Mtakatifu Yohana liko juu kidogo, nimewahi mwisho wa ibada, waumini si wengi. Kaburi la Miss Thackeray limetunzwa. Yako na makaburi mengine madogo madogo, mengine hayasomeki, majani yamepanda. Mama mmoja wa kwaya alinionyesha kwa mkono, akasema wale ni watu wa zamani wa kijiji. Nikamuuliza wajukuu zao wako wapi, akasema wengine hapa hapa, wengine Dar, wengine Uingereza, "na wengine washakuwa Waislamu, twaenda harusi zao." Hiyo nayo haimo kwenye ripoti za misheni, kwamba wapo waliolelewa humu wakatoka, wakachagua wenyewe.

Kurudi mjini daladala imepita Mazizini, nimechungulia dirishani tu, kule wanaishi watoto wa sasa na sio mahali pa kwenda na simu kupiga picha.

JUMATATU, boti ya asubuhi

Bahari shwari. Nimelala njia nzima, nimeamka tunaingia Dar.

Kinachofuata ni Mombasa kama nauli ikipatikana. Wamisheni wa CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, walianzisha Frere Town 1875 kwa kazi hii hii, na waliowatangulia pale kama walimu na mafundi walikuwa wale wale wa Nasik, wenzake Jacob Wainwright. Mnara wa kengele bado upo Kongowea, ulikuwa unagongwa kuwatahadharisha watu, sasa unazungukwa na matatu. Rabai nayo si mbali na hapo. Mwenye kujua gesti ya bei ya kawaida maeneo ya Kisauni, isiyo na muziki mpaka asubuhi, anitajie.